Sauti Moja Ikifanya Kazi ya Sauti Tatu

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nasi hatuna nia ya kubishana nao. Lakini liko jambo moja ambalo wahenga hawakulitaja, nalo ni hili: vidole vichache vikijua kupokezana, vyaweza kuvishinda vidole vingi vinavyosukumana. Jambo hilo tulilishuhudia hivi majuzi huko Murangi, katika Wilaya ya Musoma. Wala hatukulishuhudia shambani au mtumbwini, bali mbele ya kompyuta kuukuu iliyowekwa juu ya meza, na kando yake chombo cha nyuzi nane.

Mwenye kompyuta ni kijana wa miaka ishirini na miwili. Mchana hutengeneza simu na redio za wavuvi, na usiku hutunga muziki. Mwenye chombo ni mzee ambaye alihamia Murangi zamani kutoka upande wa Tarime, na chombo chake ni litungu, yaani kile kinubi kikubwa cha Wakurya. Mzee huyo amelipiga litungu lake harusini na matangani kwa muda mrefu kuliko umri wa sisi tunaoandika. Sasa vidole vya mkono wake wa kushoto vimeanza kukakamaa. Watoto wake wako mijini, na hakuna hata mmoja aliyejifunza. Nyimbo alizonazo kichwani hazimo katika kitabu chochote wala katika sahani yoyote ya santuri, na yeye mwenyewe asema wazi kwamba zingine amekwisha anza kuzisahau.

Kijana alikuwa ameahidi kuziweka nyimbo hizo katika kompyuta kabla mkono haujagoma kabisa. Ahadi ni deni. Basi jioni ile alikuwa akilipa fungu la kwanza la deni lake. Alikuwa amerekodi uzi mmoja wa litungu, na kwa uzi huo akajenga machodi mazito, noti tatu kwa pamoja katika kila pigo, akaongeza besi, akaongeza ngoma, kisha akatuchezea. Kompyuta ilikwama, ikaendelea, ikakwama tena. Kispika kidogo kikakoroma. Mzee akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema:

“Mjukuu wangu, mbona sauti zote wazimwaga kwa mara moja, kama mtu amwagaye debe la mahindi? Mimi huzitoa moja moja, na bado msikilizaji huzisikia zote.”

Kijana akajibu, “Babu, nilidhani zikiwa nyingi ndipo wimbo hujaa.”

“Hujaa kelele,” mzee akasema, akacheka.

Neno hilo la mzee ndilo lililotutia hamu ya kuandika makala hii. Kwa maana bila ya kujua, alikuwa ametamka kanuni ambayo mafundi wa kompyuta wa Ulaya waliigundua kwa shida yapata miaka arobaini iliyopita, walipokuwa na mashine duni kuliko hiyo ya Murangi.

Yafaa kwanza tuelezane chodi ni nini. Kila mtu aliyepata kuimba katika kwaya ya shule anazijua sauti za ngazi: do, re, mi, fa, so, la, ti. Mwalimu akizichagua do, mi na so, akawapa waimbaji watatu, wakaziimba kwa pamoja, sauti ile nene yenye kupendeza ndiyo chodi. Lakini mwalimu huyo akiwa na mwimbaji mmoja tu, hana la kufanya ila kumwambia aimbe do, kisha mi, kisha so, na kurudia. Hapo chodi imevunjwa vipande, na vipande vyake vimepangwa katika mstari. Wataliano huita jambo hilo arpejio, jina litokanalo na chombo cha kinubi katika lugha yao. Tazama basi jinsi jina lenyewe linavyokiri kwamba mwenye hekima hiyo tangu awali ni mpiga kinubi.

Sasa tuzitazame mashine. Katika mwaka 1982 ilitoka Marekani kompyuta ya nyumbani iitwayo Commodore 64. Ndani yake mlikuwa na kidude cha sauti kilichoweza kutoa sauti tatu tu kwa wakati mmoja. Watunzi wa muziki wa michezo ya kompyuta, kama vile Rob Hubbard na Martin Galway wa Uingereza, waliiona shida yake mara moja. Ukitaka chodi ya do, mi, so, sauti zote tatu zimekwisha. Besi utaiweka wapi? Ngoma itakaa wapi? Wimbo uliobaki bila besi na bila ngoma ni kama nyumba iliyoezekwa pasipo kuta.

Mafundi wale hawakukaa chini kulia wala kungoja mashine bora. Waliichukua sauti moja wakaikimbiza: do, mi, so, do, mi, so, mbio sana, mara nyingi katika kila sekunde. Kinachotokea katika sikio ni kama kile kinachotokea katika jicho. Mtoto akichukua kijinga cha moto akakizungusha gizani, jicho halioni tena kijinga, laona duara la moto. Vivyo hivyo sikio haliwezi kuzitenganisha noti zikimbiazo namna hiyo. Lasikia chodi moja yenye kumeta-meta. Sauti moja imefanya kazi ya sauti tatu, na sauti mbili zilizobaki zimepata nafasi ya besi na ngoma.

Mwaka 1985 ikafuata kompyuta ya Amiga, yenye sauti nne. Na mwaka 1987 Mjerumani mmoja, Karsten Obarski, akaitengenezea programu ya kutungia muziki iliyoitwa Ultimate Soundtracker. Hiyo ndiyo mama wa programu zote ziitwazo traka hata leo. Msomaji asiyepata kuiona traka na afikiri daftari la karani wa ghala la pamba. Kila safu ni mpigaji mmoja. Kila mstari ni kipindi kifupi cha wakati, nayo mashine huisoma mistari kutoka juu kwenda chini. Katika kila chumba cha daftari huandikwa mambo matatu: noti ipi ipigwe, kwa chombo namba ngapi, na kuna amri gani ya ziada. Hakuna mistari mitano ya noti za Kizungu, wala hakuna picha za piano. Ni herufi na tarakimu tu, na mtu ajuaye hesabu za duka huielewa kwa siku moja.

Miongoni mwa amri hizo iko moja iliyowekwa makusudi kwa ajili ya kuvunja chodi. Katika mafaili ya aina ya zamani huandikwa sifuri, ikifuatwa na tarakimu mbili. Ukiandika 047 mbele ya noti ya do, mashine itapiga do yenyewe, kisha sauti iliyo juu yake kwa nusu-sauti 4, ambayo ni mi, kisha iliyo juu kwa nusu-sauti 7, ambayo ni so. Ukitaka chodi ya huzuni, andika 037. Katika mafaili ya aina nyingine, herufi J hushika mahali pa sifuri ya kwanza, lakini kazi ni ile ile. Chumba kimoja cha daftari, tarakimu chache, na chodi nzima imepatikana.

Na kasi yake? Traka kwa desturi huanza na mwendo wa tempo 125, ambao maana yake ni hatua ndogo 50 katika kila sekunde. Na kila mstari wa daftari huchukua hatua 6. Basi mstari mmoja hudumu sekunde 0.12, na ndani yake zile noti tatu huzunguka mara mbili kamili. Kwa sababu hiyo kijana atakayebadili hatua za mstari kutoka 6 kwenda 4 au 5 asishangae akisikia arpejio yake ikichechemea: 6 hugawanyika kwa 3, lakini 4 na 5 hazigawanyiki.

Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote, lakini si ya pekee. Njia ya pili tungeiita njia ya ngazi. Andika chodi yako kama kawaida, noti tatu katika mstari mmoja, kila noti katika safu yake. Kisha peleka kishale kwenye noti ya pili, katika safu yake peke yake, ubonyeze kitufe cha kuingiza mstari mara moja: noti itashuka hatua moja. Nenda kwenye noti ya tatu, bonyeza mara mbili: itashuka hatua mbili. Chodi iliyokuwa imesimama kama ukuta sasa imelala kama ngazi, nayo husikika noti moja baada ya nyingine. Anayetaka ngazi hiyo irudiwe wimbo mzima huinakili akaibandika chini yake mara nyingi apendavyo. Lakini ajihadhari na jambo moja: kitufe hicho husukuma chini kila kitu kilichomo katika safu ile, basi ni vema kazi hiyo ifanyike kabla ya kujaza mistari ya chini.

Njia ya tatu ni ya kuchelewesha. Noti zote tatu hubaki katika mstari mmoja, lakini ya pili hupewa amri ya kungoja hatua 2, na ya tatu hatua 4. Katika mstari wa hatua 6, noti hizo hutoka moja baada ya nyingine kwa kupishana sekunde 0.04. Hapo hupatikana ile sauti ya mpiga gitaa apitishaye kidole juu ya nyuzi kwa upole.

Wala mtu asidhani kwamba hekima hii ililetwa kwetu na kompyuta. Hapa hapa katika Mkoa wa Mara, karibu na Shirati kandokando ya ziwa, alizaliwa mwaka 1940 mtu aliyeitwa Daniel Owino Misiani. Majirani zake Wajaluo walikuwa na nyatiti, kinubi chenye nyuzi nane, ambacho mpigaji wake hukidonoa uzi baada ya uzi huku akigonga ukingo wake kwa pete iliyovikwa kidole gumba cha mguu. Misiani alivuka kwenda Kenya, akashika gitaa, na katika miaka ya 1960 akaunda bendi iliyobeba jina la nyumbani, Shirati. Yeye na wenzake ndio walioujenga muziki wa benga ukajulikana pande zote za ziwa, na watu wakamwita mfalme wa muziki huo mpaka alipofariki katika ajali ya gari mjini Kisumu mwaka 2006.

Nini kilicho ndani ya benga? Sikiliza gitaa la mbele. Halipigi nyuzi sita kwa kishindo kimoja. Lachagua noti za chodi, lazipanga katika mstari mwembamba wa juu, lazikimbiza, na kila noti yasikika wazi kama tone la mvua juu ya bati. Ni nyatiti iliyohamia katika gitaa la umeme. Waliokua na sauti ya nyuzi nane masikioni hawakuona sababu ya kuzimwaga nyuzi sita kwa pamoja.

Hata nje ya kanda ya ziwa mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji uitwao Likasi leo, alimkuta mtu mmoja na gitaa moja, na msikilizaji wa sahani zake angeweza kuapa kwamba wapigaji ni wawili: gumba likishughulika na besi, na kidole cha shahada kikicheza juu. Na wafanyakazi wa nchi yetu wanaikumbuka NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama chao, ambayo baada ya kubadili majina kadhaa iliitwa Msondo Ngoma. Katika bendi za dansi za namna hiyo magitaa yalikuwa matatu au zaidi, lakini kila moja lilishika sehemu yake ya chodi na kuacha nafasi kwa jirani yake. Kupokezana huko ndiko kulikowafanya watu wacheze mpaka alfajiri.

Turudi Murangi, kwa maana kazi haikwisha kwa maneno ya mzee. Ndiyo kwanza ilianza.

Kijana alipoelezwa habari ya amri ya 047 alifurahi sana. Akafuta machodi yake yote mazito, akaacha safu moja ya uzi wa litungu, akaiandikia 047 kutoka juu hadi chini, akacheza. Kompyuta haikukwama tena. Kispika hakikukoroma. Sauti ilitoka ikimeta-meta kama mchezo wa kompyuta wa zamani. Kijana akamgeukia mzee, uso umejaa furaha. Mzee akatikisa kichwa.

“Huyo si mimi,” akasema.

Tulikaa kimya kidogo, kisha tukaona kwamba mzee asema kweli, na sababu yake si ushabiki wala ukale. Amri ile huhesabu kwa nusu-sauti za piano, ambamo kila ngazi ya do mpaka do imegawanywa sehemu 12 zilizo sawasawa. Litungu halikufungwa kwa kipimo hicho. Mpigaji hukaza nyuzi zake kwa sikio, zipatane na koo lake na wimbo wake, na umbali kati ya uzi na uzi hauingii katika sehemu 12 za piano. Kwa hiyo kila mara mashine ilipopandisha uzi mmoja kwa nusu-sauti 4, ilitoa sauti ambayo haimo kabisa katika chombo cha mzee. Ilikuwa kama kumvika mtu viatu vya mwingine na kumwambia acheze kwao.

Dawa haikuwa kuitupa traka, bali kuitumia kwa akili. Asubuhi ya pili watu wote walinyamazishwa, hata jogoo wa jirani akafungiwa. Mzee akadonoa uzi wa kwanza, akauacha uvume mpaka ukome. Kijana akarekodi. Kisha uzi wa pili, na wa tatu, mpaka wa nane. Kila uzi ukapewa namba yake katika orodha ya vyombo, kuanzia 01 hadi 08, na ukawa hupigwa daima kwa noti ile ile uliyorekodiwa, bila kupandishwa wala kushushwa. Kwa njia hiyo hakuna uzi uliolazimishwa kusema sauti isiyo yake. Na daftari la traka likageuka kuwa jambo jipya: safu ya namba za vyombo ikawa ndiyo orodha ya nyuzi, mstari kwa mstari, ambayo hata mtu asiyejua noti aweza kuisoma.

Basi mzee akakaa na litungu lake, akawa anapiga polepole na kutaja: “Wa kwanza. Wa nne. Wa sita. Wa nne. Wa pili.” Kijana akawa anaandika. Walipofika mstari wa kumi na sita mzee akamsimamisha, kwa maana mwendo ulikuwa umekwenda upande. Traka imezoea kugawa pigo moja mistari minne, na ukurasa wake kwa kawaida una mistari 64. Wimbo wa mzee hutembea kwa tatu-tatu, na 64 haigawanyiki kwa 3. Kijana akaufupisha ukurasa uwe wa mistari 48, akagawa kila pigo mistari mitatu, na mara ile mzee akaanza kutikisa bega.

Likabaki jambo la kuvuma. Katika kinubi, uzi ukishadonolewa huendelea kuvuma wakati jirani yake anaposema. Lakini katika traka, noti mpya katika safu huikata ile iliyotangulia. Ndiyo maana kijana aliacha kuzibana nyuzi zote katika safu moja, akazitawanya katika safu nne, ili kila uzi upate muda wa kuvuma kabla safu yake haijaitwa tena. Hapo twajifunza kwamba uchache nao una mpaka wake. Lengo si kuwa na safu moja kwa ajili ya kujivunia safu moja. Lengo ni kila sauti ipate nafasi yake na isimkanyage mwenziwe.

Jioni wimbo mmoja ulikuwa umekamilika. Mzee alisikiliza, akaomba urudiwe, akasikiliza tena. Akasema kwamba yule aliyemo ndani ya kompyuta apiga vizuri, ila apiga kama askari wa gwaride, hakosei wala hachoki. Kijana akazipunguza nguvu baadhi ya noti, akaziongeza nyingine, na gwaride likalegea kidogo. Wimbo wa pili walipouanza, mkono wa mzee ulikataa baada ya mistari ishirini. Akauweka litungu ukutani, akasema, “Kesho.” Tulipoondoka Murangi wimbo huo ulikuwa bado nusu.

Ndugu msomaji, hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Nchi yetu ina wapigaji wengi wa vinubi, wa zeze, wa marimba, ambao hawana mwanafunzi. Vijana wetu nao wana hamu kubwa ya muziki, na wengi hukaa wakilalamika kwamba hawana studio, hawana kinanda cha kisasa, hawana kompyuta yenye nguvu. Malalamiko hayo yana ukweli wake, lakini yasiwe mto wa kulalia. Programu za traka kama OpenMPT na MilkyTracker hutolewa bure, na hufanya kazi katika kompyuta ambazo watu wa mjini wamekwisha zitupa. Tufanye hesabu: nyuzi nane, kila uzi umerekodiwa kwa sekunde 2 kwa kipimo cha vipande 22,050 kwa sekunde, kila kipande baiti 2, jumla yake ni baiti 705,600. Nyimbo kadhaa zaweza kujengwa juu ya nyuzi hizo hizo, na faili likapita katika simu ya kawaida. Lakini wimbo mmoja wa dakika 5 uliorekodiwa wote kwa kipimo cha sahani ya CD huhitaji baiti 52,920,000.

Hatusemi kwamba kurekodi wimbo mzima ni kazi bure. La hasha! Kila mzee na arekodiwe akipiga na kuimba mwenyewe, kwa maana mashine haiwezi kuhifadhi jinsi kifua chake kinavyopumua kati ya maneno. Lakini rekodi humwonyesha kijana jambo lililokwisha fanyika. Daftari la nyuzi humwonyesha jinsi linavyofanyika, uzi kwa uzi, naye aweza kulichukua siku moja akakaa na litungu la kweli magotini na kujifunza.

Twaongeza neno moja kwa vijana wenye kompyuta. Nyuzi nane za mzee si mali ya kuokota njiani. Ni kazi ya mikono yake, kama vile wavu ni kazi ya mvuvi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na mpigaji, na hata pasipo sheria, utu unawatambua. Jina la mzee liandikwe ndani ya faili. Aombwe ruhusa kabla wimbo haujapelekwa popote. Na wimbo ukileta fedha, fungu lake limfikie angali hai, lisingoje kuwa mchango wa mazishi.

Kijana wa Murangi alitusindikiza mpaka kituo cha basi. Tulimwuliza atafanya nini ikiwa mkono wa mzee hautapata nafuu. Akafikiri kidogo, akajibu, “Namba atazitaja hata akiwa amelala kitandani. Nyuzi ninazo.” Kisha akaaga akarudi mbio, kwa sababu giza lilikuwa laingia, na mzee alikuwa amemwambia kwamba baada ya chakula huenda akakumbuka mistari mingine kumi.